Kiti cha Juu, Sinema Kilele

Jumatatu, Machi 17

Sophie, rafiki yangu, ndiye aliyeniambia niandike. Alisema mtu akifungiwa mahali bila wa kuongea naye ataanza kuongea na vyombo, na jana mimi niliiambia sufuria pole. Basi naandika. Niko ndani ya kibanda cha tiketi cha Sinema Kilele, sinema ya baba, hapa Nyeri, nyuma ya dirisha la nondo. Mbele yangu kuna matope na barabara, na mteja hakuna.

Nilikuja kwa wiki mbili tu. Baba aliteleza kwenye ngazi mwezi wa pili akaumia nyonga, na ndugu yangu Wamae akanipigia simu kutoka Nairobi: "Wachuka, si uende ukae na yeye kidogo? Wewe ndio mama yake." Nyonga imepona. Baba anapanda ngazi kama mbuzi. Aliyekwama ni mimi.

Hilo la mama si mzaha. Nilipewa jina la nyanya, mama yake baba, kama ilivyo desturi kwetu, na tangu nizaliwe baba hajawahi kuniita Wachuka. Atalitamkaje jina la mama yake mzazi hivi hivi? Huniita Maitu, yaani mama yangu. Nikiwa darasa la pili aliniomba ruhusa ya kununua pikipiki. Wamae alichapwa, mimi sikuguswa, kwani nani atamchapa mama yake? Watu hudhani ni raha. Hawajui kwamba mama hana likizo.

Jumatano, Machi 19

Mvua imeanza. Mteja hakuna.

Alhamisi, Machi 20

Wateja wawili leo, wote wa kujikinga mvua. Baba aliwafungia.

Hii ni tabia yake ya zamani. Enzi zile watu walisubiri picha ianze, kisha mmoja anatoka kama anaenda msalani na kuwaingiza wenzake bure. Ndipo baba akaweka sheria: picha ikianza mlango mkubwa unatiwa kufuli kwa ndani, na haufunguliwi mpaka picha iishe. Ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata leo, picha ikiwa na watazamaji wawili na paka, kufuli ni lazima, na mimi nikiwa ndani.

Mvua ilipokatika mmoja akagonga mlango. "Mzee, fungua! Mvua imeisha!"

Baba akamjibu kutoka juu kwenye chumba cha mashine, bila haraka: "Mvua imeisha. Sinema haijaisha."

Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba hata mimi siwezi kutoka.

Jumapili, Machi 23

Jumapili sinema ni kanisa. Mchungaji Kingori anahubiri mbele ya skrini na kivuli chake kinamzidi mwenyewe mara tatu. Ni mtu mwema, ana haraka tu. Yeye na Wamae wameshaelewana kwamba kanisa lichukue jengo lote, lakini Wamae amesema hatamlazimisha mzee. Shangazi Murugi, dada yake baba, ametayarisha chumba kwake Mweiga, kina jiko la makaa na dirisha linalotazama ng'ombe. Kila kitu kiko tayari isipokuwa baba. Kilele hatoki. Na asipotoka yeye sitoki mimi, kwa sababu nisipokuwepo hali chakula. Nilienda Karatina asubuhi moja tu, nikarudi jioni nikakuta uji umeganda mezani na kijiko hakijaguswa.

Leo waumini walijaa mpaka wengine wakasimama. Mama mmoja akauliza kwa nini wasikae kule juu, kwenye balkoni. Mlango wa balkoni una kufuli yake, na maisha yangu yote sijauona wazi.

Baba akamwambia, "Huko kuna mwenyewe."

Ijumaa, Machi 28

Sophie amepiga simu. Oveni imefika Eldoret. Mimi na yeye tumewaokea watu wengine mikate miaka na miaka, na sasa tutaoka yetu, kwenye duka letu, mimi ndani na yeye kaunta. Tunafungua tarehe moja mwezi wa sita. Nimeliota duka hilo mpaka najua mahali nitakapotundika aproni.

"Unakuja lini?"

"Karibuni."

"Anita pia anajua kuoka," akasema, kama mtu anayetaja tu. Anita ni binamu yake. Ninaijua mikate ya Anita. Unaweza kuezekea nyumba.

Alhamisi, Aprili 3

Mvua.

Ijumaa, Aprili 4

Mvua. Paa linavuja juu ya viti vya nyuma. Nimepanga mabeseni, na sasa hata usingizini nasikia matone.

Jumanne, Aprili 8

Hakuna aliyekuja, kwa hiyo baba aliniletea chai kibandani tukaongea kupitia dirisha, yeye nje, mimi ndani. Akiwa na moyo mkunjufu hakuna msimuliaji anayemfikia.

Anasema zamani filamu moja ililisha miji kadhaa. Kopi ilikuwa moja, imegawanywa kwenye mikebe ya bati. Mzee Kulmiye, mwenye sinema ya Nanyuki na mfanyabiashara wa mifugo, alianza kuonyesha mapema. Mkebe wa kwanza ukiisha kwake, dereva wake anaupakia kwenye lori la mbuzi na kuuleta Nyeri, na sisi tunaanza. Anarudi kuchukua mingine. Gari likichelewa, baba anawasha taa na kupiga santuri, na watu wanacheza kati ya viti mpaka mkebe ufike unanuka mbuzi.

"Mlikuwa marafiki na Kulmiye?" nikauliza.

Uso wake ukajikunja. "Alikuwa na lori," akasema, akachukua kikombe chake akapanda juu.

Nimebaki nikifikiria jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Utotoni nilikaa kwenye kibanda hiki hiki nikiuza tiketi, na picha ikifika nusu natumwa nyumbani kuwasha moto. Mimi ni binti wa mwenye sinema, na mwisho wa picha hata moja siujui. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, Aprili 16

Mvua. Baba alitia mafuta mashine ambayo alikuwa ameitia mafuta jana.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Wamae alikuja na viatu safi, akaruka madimbwi kama paka, akala, akatazama saa.

"Tarehe moja nafungua duka," nikamwambia. "Njoo ukae na yeye mwezi mmoja tu."

"Mimi anaweza kunifukuza. Wewe hawezi. Mwambie afunge, atakusikia. Wewe ndio mama yake."

"Mimi ni dada yako, Wamae! Niko na miaka arobaini na sita, niko na maisha yangu!"

Baba aliingia. Wamae akaaga. Nilimchukia ndugu yangu leo, na nilichukia jina langu.

Jumanne, Aprili 22

Nimefanya. Wamae ametaka mama, basi nimekuwa mama.

Saa nane na nusu baba alikuwa anavaa koti lake la kazi aende kuwasha taa za nje. Nilisimama mlangoni pa chumba cha mashine na kuifanya sauti yangu iwe nzito.

"Gathogo."

Sijawahi kumwita kwa jina lake. Aligeuka polepole.

"Ndiyo, Maitu."

"Funga hii sinema. Nimechoka nayo. Sitaki kuiona tena."

Nilitegemea abishane. Nilikuwa nimejiandaa na majibu. Alivua koti akalitundika, akaifunika mashine kwa shuka lake kama mtu anayemfunika maiti, akateremka na kuzima swichi kubwa. Nilikaa kibandani nikicheka peke yangu kwa furaha. Nikamtumia Sophie ujumbe: nakuja.

Ijumaa, Aprili 25

Hali chakula. Chai anaipokea kwa mikono miwili, anasema asante Maitu, anaiweka chini. Mchana kutwa ameketi kwenye ngazi ya balkoni na koti la mvua mwilini, ndani ya jengo. Nimembembeleza, nimemfokea. Leo nimelia mbele yake.

"Nilijua ungekasirika siku moja," akasema. "Nilikutoa nje na mvua."

"Mvua gani, baba?"

"Nilikuambia urudi wiki ijayo."

Ananitazama na hanioni mimi. Nimeogopa. Nimempigia shangazi.

Jumapili, Aprili 27

Shangazi Murugi alifika asubuhi akiwa na maziwa na mwavuli uliovunjika. Alimtazama kaka yake kwenye ngazi, akanishika mkono tukaenda jikoni.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Aliketi kwenye mtungi wa maji.

"Wewe mtoto. Ulimwambia maneno ya mama, na hujui mama aliachia wapi." Kisha akanieleza, huku nje waumini wakiimba.

Wakati wa wakoloni nyanya ndiye aliyefagia jengo hili. Wazungu walikaa balkoni, na yeye asubuhi alipanda kuokota maganda na vichungi vya sigara chini ya viti ambavyo hakuruhusiwa kuvikalia. Baba, akiwa mdogo, alimbebea ndoo. Alimwahidi kwamba siku moja nyanya mwenyewe atakaa pale juu na kutazama picha mpaka mwisho, na mtu mwingine afagie. Nyanya akacheka. Lakini baba alikua, akahangaika na biashara ya viazi na ya mkaa, akalinunua jengo.

"Siku ikafika," shangazi alisema. "Mvua kama hii ya sasa. Mama alivaa kitambaa kipya, akapanda juu peke yake, hakuna mwingine aliruhusiwa huko. Ilikuwa picha ya Kihindi, ya kijana anapotea na mama yake anamtafuta. Mama alikuwa analia, anacheka, anaongea na skrini. Sasa mkebe wa mwisho haukuja. Mto ulifurika huko Chaka, lori ya Kulmiye ikalala barabarani. Watu wakapiga kelele. Gathogo akaona aibu, akawasha taa, akaambia watu waende. Akamwambia mama, rudi wiki ijayo uone mwisho. Mama akatembea na hiyo mvua mpaka nyumbani. Kifua ikamshika. Wiki ijayo tulikuwa tunazika."

Nilizaliwa mwaka uliofuata.

"Na mkebe?"

"Uko Nanyuki. Gathogo alisema Kulmiye aulete na heshima, Kulmiye akasema Gathogo aje achukue. Wanaume wawili, kichwa ngumu, mpaka mmoja akakufa." Alifuta macho kwa kanga yake. "Hawezi kufunga, mwanangu. Mama hajaona mwisho. Na wewe umekuja kumwambia hataki kuona tena."

Jumatano, Aprili 30

Nanyuki. Mlima haukuonekana, mawingu tu. Niliuliza sokoni kwa wauza mbuzi na hawakusita kunionyesha kwa Kulmiye. Abdirashid, mtoto wa Mzee Kulmiye, ni mtu mnene mwenye kicheko, anauza ng'ombe mpaka Isiolo. Nilipotaja jina la baba kicheko kiliisha.

"Binti ya Gathogo wa Kilele? Hodo, lete chai, huyu ni mgeni ya marehemu!"

Mkewe Hodo alinipa chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki. Abdirashid akaingia ndani, akatoka na mkebe uliofungwa kwenye kitambaa cha kijani.

"Dada, baba yangu alituambia, hii si yetu. Wenyewe wa Nairobi walikuja kuchukua mikebe, huu wakaukataa, ati hauna wenzake. Akasema Gathogo akikuja apewe, hata kama ni usiku, hata kama tunakula. Kila mvua ikianza alikuwa anauliza, hajakuja? Mpaka siku ya kufa aliuliza."

"Kwa nini hakumletea?"

Alicheka kidogo. "Na babako kwa nini hakukuja?"

Mkebe nimeurudisha Nyeri mapajani.

Alhamisi, Mei 1

Niliuweka mkebe kwenye ngazi kando yake. Nikasema, "Nimeleta mwisho. Nataka kuuona."

Alinusa kifuniko. Kulikuwa na harufu kali kama ya siki, na chini yake, naapa, mbuzi.

"Kulmiye ameleta?"

"Kulmiye ameleta," nikasema. Mungu anisamehe, au asinisamehe, ni shauri lake.

Alikula ugali na sukuma, akaongezewa.

Jumatatu, Mei 5

Filamu imeshikana yenyewe kwa yenyewe. Lazima ifunguliwe taratibu, mzunguko kwa mzunguko, ipanguswe, ikatike, iungwe. Mikebe mingine ya picha hii baba alibaki nayo hapa akaitunza, huu ndio umelala muda wote huo bila mkono. Nimeuliza itachukua muda gani.

"Usiniharakishe, Maitu. Siku ile niliharakishwa."

Jumatatu, Mei 12

Mvua. Anaunga.

Alhamisi, Mei 15

Sophie: "Niambie ukweli. Unakuja ama hukuji?"

"Anaunga filamu."

"Wachuka, mimi niko na mikate."

Amenipa hadi tarehe thelathini na moja, niwe nimelala Eldoret siku hiyo. La sivyo aproni ni ya Anita, na simlaumu. Nilifunga simu nikaenda kusimama nyuma ya baba. Kisu chake kidogo kilikuwa kinatenganisha filamu kwa upole ambao mimi sikuwahi kuupata kwake, na nilitamani kuunyakua ule mkebe niutupe barabarani. Ningeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi, leo hakuna picha. Nilienda mpaka kwenye ngazi za nje, nikatazama mvua, nikarudi kuchemsha githeri. Hasira yangu yote ni kwamba hakuna anayenishika.

Jumanne, Mei 20

Mvua. Bado anaunga.

Alhamisi, Mei 22

Amesema Jumamosi, saa tisa. Kisha akatoa mfukoni ufunguo mdogo nisiowahi kuuona, wa balkoni. "Nikafagie?" nikauliza. "Hapana. Nitafagia mimi."

Nilimsikia huko juu jioni yote, na ufagio.

Jumamosi, Mei 24

Nitaandika polepole, nisije nikaharibu.

Shangazi aliniletea kitambaa cha kichwa, kipya. Baba alikuwa amevaa suti iliyompwaya, na tai. Alinishika kiwiko na kunipandisha ngazi ya balkoni. Viti vilikuwa vimeliwa na nondo, lakini kimoja, cha katikati mbele, kilikuwa kimepanguswa na kuwekewa mto. Nilikaa. Nilidhani nitajihisi mjinga, mwanamke mzima anaigiza marehemu. Sikujihisi mjinga. Nilihisi woga, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe.

Kule chini alikaa shangazi peke yake. Baba akashuka akatia kufuli mlango mkubwa, nikasikia kishindo chake, halafu hatua zake zikipanda kwenye mashine nyuma yangu. Mwanga ukanipita juu ya kichwa.

Mvua ilianza kabla ya nyimbo za kwanza. Kwenye mabati ya Kilele mvua ikinyesha husikii hata ukipiga kelele. Rangi zote zilikuwa zimegeuka waridi. Kihindi sikijui, na hata ningekijua nisingesikia. Haikuwa na shida. Kijana alipotea sokoni, mama akamtafuta, akazeeka, akapofuka. Mikebe ikabadilishwa mmoja baada ya mwingine, na nilijikuta nimeegemea mbele nikimwambia yule mama, geuka, yuko nyuma yako!

Kisha skrini ikawa nyeupe. Hapo ndipo ilipokatikia siku ile. Niligeuka. Kwenye kidirisha cha mashine niliona uso wa baba, umelowa. Alinitazama kuona kama nitainuka.

Sikuinuka. Nikaegemea kiti.

Mkebe wa mwisho uliruka, ukakatika mara mbili, na kila mara baba aliunga huku nikingoja gizani. Nusu ya picha ilikuwa madoa tu. Lakini mwisho upo. Kijana, sasa mtu mzima, anakuja uani, hasemi neno. Mama anamshika uso kwa vidole, anaenda polepole, paji, pua, kidevu. Halafu anatabasamu. Basi. Ndio mwisho.

Taa zikawaka. Baba alikuja akasimama mbele yangu, kofia mikononi.

"Umeona, Maitu?"

"Nimeona."

"Umeona yote?"

"Nimeona yote, mwanangu. Imeisha."

Alishuka, akafungua mlango mkubwa, akavua kamba shingoni na kuuacha ufunguo kwenye kufuli. Akamwambia shangazi, "Twende Mweiga, mvua haijapungua lakini twende."

Jumanne, Mei 27

Mweiga. Amekula bila mimi kuwa chumbani. Mchungaji Kingori amechukua funguo zote, na nimemwomba aache kile kiti mahali pake.

Jumamosi, Mei 31, Nyahururu

Nangoja gari la Eldoret. Leo jua.

Asubuhi baba alikuwa ameketi nje ya nyumba ya shangazi, blanketi magotini, anatazama ng'ombe. Nilipiga goti kumfunga kamba za viatu, nikijiandaa kwa maneno: Maitu unaenda wapi, Maitu utarudi lini. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akiniuliza nitabaki. Sikumwambia mtu, hata Sophie, lakini nilikuwa nimeamua.

Aliniwekea mkono usoni. Vidole vyake vilipita kwenye paji, pua, kidevu.

"Umekaa nami vya kutosha," akasema. "Gari isikuache. Nenda, Wachuka."

Shangazi alisimama na ndoo yake akaacha kutembea. Niligeuka nyuma, nikidhani kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Mama yake alishaondoka Jumamosi iliyopita, amejua mwisho wa picha yake. Aliyekuwa amepiga goti pale ni binti yake tu, na binti huruhusiwa kwenda.

Nimekuwa huru tangu saa mbili asubuhi na nimelia njia nzima. Tangu utotoni nilitaka baba aniite jina langu. Leo ameniita, na sasa nataka lile lingine. Nikifika nitampigia simu. Sijui atapokea akiniita nani.